Mtungi wa Shangazi Felista

Binamu yangu Wafula alinikabidhi fulana kabla sijashuka vizuri kwenye gari. Ilikuwa nyeupe, bado inanuka wino, na kifuani imechapishwa picha ya mama yake, Shangazi Felista, tuliyekuja kumzika huku Wanale karibu na Mbale, chini ya mlima, alikohamia kwa mwanawe baada ya miguu kumkatalia kazi. Matanga ya siku hizi bila fulana hayakamiliki, na uani palikuwa tayari na umati wa akina shangazi waliotapakaa vifuani mwa watu wa kila umbo. Lakini picha yenyewe haikupigwa kwa kamera. Ilikuwa mchoro: mwanamke amesimama kando ya maji, amejifunga kitambaa cha buluu, mtungi begani, uso ameuinua kidogo kama mtu aliyeitwa jina na mtu anayempenda. "Afadhali umefika," Wafula akasema. "Tangu asubuhi watu wananiuliza mama alikuwa anafanya kazi gani hapo kwenye picha. Nimewaambia wangojee mwalimu wa picha aje awaeleze." Mwalimu wa picha ni mimi. Nyuma yangu alikuwa anashuka Apio, mwenzangu wa idara, aliyenisindikiza kutoka chuoni kwa wema wake tu. Nikaikunja fulana upesi na kuitia kwapani, kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani.

Apio alikuwa anaijua picha ile. Anaijua kwa sababu kila mwaka mimi huionyesha ukutani darasani, katika somo langu kuhusu wachoraji wa Ulaya na namna walivyochora kazi za mikono za watu wa mbali, na kila mwaka wanafunzi hucheka mahali palepale. Huwa naanza na michoro ya zamani: wachota maji wa Misri, wafuma mazulia wa Moroko, vinyozi wa barabarani, wanawake wa India wakisaga nafaka. Kisha naleta mwanamke wa mtungi, na kuwaambia huu umechorwa Jinja, na Mwafrika, ili uuzwe kwa Mzungu. "Tazameni," huwa nasema, "hata sisi wenyewe tumejifunza kujichora kwa jicho lao. Huyu bibi anadaiwa kuwa kazini. Je, mnaona kazi?" Hapo ndipo wanapocheka. Picha yenyewe nilitumiwa na Wafula kwenye simu, kwa fahari, siku aliyoupiga picha mchoro kwenye hoteli ulikotundikwa. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi, wala Apio, kwamba yule bibi asiye na kazi ndiye aliyenilisha mwaka mzima.

Habari za ukoo wetu nitaziruka. Zinatosha kwa kitabu kingine, na hakuna atakayekinunua. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha sita katika shule ya Nabuyonga, hapa Mbale, nikingojea chuo kiniite, na kwamba nilipelekwa Jinja kukaa na shangazi, aliyeanika mukene pale Masese, kando ya ziwa. Mukene ni wale samaki wadogo wa fedha ambao mtu huwala na macho yao. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati na pazia la maua; upande wangu palikuwa na godoro na sanduku, upande wake kitanda, jiko la mkaa, na magunia ya samaki wakavu yaliyopangwa hadi darini. Harufu ilikuwa mkazi wa tatu katika nyumba ile. Iliingia kwenye nywele, kwenye daftari, kwenye mkate. Jioni tulikula ugali na mukene wa karanga, na shangazi alikula akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, kwa sababu kuketi, alisema, kulimwamsha mgongo. "Mgongo wangu ni kama askari," aliniambia. "Ukimwachia apumzike, asubuhi hataki kusimama."

Kazi nilipata mjini, kwa Rajabu, Mwislamu wa hapahapa Mbale aliyekuwa na karakana ya michoro kwenye baraza la duka kuukuu la Mhindi, dari ndefu, kuta zimebanduka rangi. Aliwauzia watalii waliokuja kuona mto. Hakuwahi kusoma uchoraji popote. Alikuwa na kitabu kimoja kikubwa, kizito kama tofali, alichoachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao, kimejaa michoro ya wale wachoraji wa Ulaya waliopanda meli kwenda kutazama wengine wakifanya kazi. Kiliandikwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, kwa hiyo Rajabu aliipa michoro majina yake mwenyewe: Mama Mtungi, Kinyozi Mvivu, Wale wa Zulia. Alichukua mwili kutoka kitabuni, akaubadilisha uso ukawa wa kwetu, akaondoa jangwa, akaweka ziwa. Ndivyo wanawake wa Busoga, wenyeji wa upande huo wa Jinja, walivyoanza kubeba mtungi begani, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Busoga aliyewahi kulifanya, na ndivyo kinyozi wa Alexandria alivyopata mwembe. Mimi nilipewa kupaka maji na mbingu. "Wewe umesoma," Rajabu alisema, "kwa hiyo nakupa sehemu ambazo hazina mifupa."

Nilikitazama kitabu kile kila nilipopata nafasi, na hata sasa, baada ya kusoma vingi kukihusu, sidhani kama nimepata kuona zaidi ya nilichokiona pale barazani nikiwa na rangi ya buluu kwenye kucha. Niliona kwamba hakuna aliyetoka jasho. Mitungi haikuwa na ufa, miguu haikuwa na vumbi, na mwenye mali hakuonekana. Zulia linafumwa lakini hakuna anayesimama mlangoni kuuliza litakwisha lini. Wale watu walikuwa na vyombo vya kazi mikononi lakini nyuso zao zilikuwa za watu wanaosikiliza muziki chumba cha pili. Baadaye, chuoni, nilijifunza kueleza: kwamba mchoraji alitoka kwenye miji ya viwanda na moshi, na alichokitafuta ng'ambo ni kazi inayofanana na mapumziko; kwamba kwa kuichora hivyo aliwaambia wateja wake huko nyumbani kuwa watu hawa hawachoki, kwa hiyo hawana la kulalamika. Nayaamini maneno haya. Nimeyaandika, nimelipwa kwayo, nimepandishwa cheo kwayo. Taabu yangu haikuanzia kwenye maneno.

Katikati ya mwaka ule mwenye hoteli moja kando ya mto, Mzungu mpole mwenye kofia, alikuja barazani akataka mchoro mkubwa wa ukuta wa chumba chake cha kulia. Alitaka wanawake wa Masese kazini. "Kitu cha kweli," alimwambia Rajabu kwa Kiswahili alichojifunzia Kenya. "Si hizi za dukani." Rajabu aliumia kidogo, lakini asubuhi yake alinifuata Masese na penseli sikioni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaenda kuchora mtu aliyekuwa hai. Nikampeleka kwa shangazi. Walikuwa wameinama juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, yeye na jirani yake Mama Taaka na wengine, wakigeuza samaki kwa viganja, mabeseni ya plastiki pembeni, na korongo, wale ndege wa miguu mirefu, wamesimama karibu kama maofisa wa kodi. Rajabu akaketi juu ya gunia nyuma yao akaanza. Shangazi akanyanyuka ghafla.

"Wewe bwana, unachora nini huko nyuma?"

"Nachora kazi, mama."

"Kazi yangu iko huku mbele. Huko nyuma ni mimi." Akanigeukia. "Nekesa, huyu mtu wako anataka watu wa hoteli wanijue kwa matako?"

Mama Taaka akacheka hadi akakaa juu ya samaki. "Mwache achore, Felista! Angalau hayo hayazeeki!"

Shangazi hakukubali. Wengine waliendelea kuinama, na Rajabu akawachora wao, lakini yeye alinawa mikono, akafuatana nasi hadi karakana, akafungua kitabu kana kwamba anachagua kitenge dukani. Alipofika kwa Mama Mtungi akasimamisha kidole. "Hii," akasema. "Nichore hivi." Mimi, msomi wa maji na mbingu, nikamwambia kwamba yule ni mwanamke wa Misri, na kwamba hapa kwetu hakuna anayebeba hivyo, na kwamba bwana wa hoteli ametaka kitu cha kweli. Alinitazama kwa huruma. "Mukene nauona kila siku," akasema. "Wewe unafikiri nimekuja mjini kuutazama tena?"

Masese haikuwa na mtungi. Watu walichota maji kwa madumu ya plastiki ya njano, na Rajabu alisema dumu begani halina uzuri. Mwishowe tuliazima chungu cha maua kwa padri, kikiwa na udongo wake, tukaumwaga udongo. Kwa majuma kadhaa shangazi alikuja mchana, baada ya kufunga magunia, akiwa ameoga kwa sabuni ya kunukia, akasimama karibu na dirisha na chungu kitupu begani, shuka yangu ya buluu imemzunguka. Rajabu hakuwa mwepesi. Wakati mwingine alitazama kwa muda mrefu bila kugusa kitambaa cha kuchorea, ukasikia tu vijana wa bodaboda wakibishana barabarani. Nilidhani shangazi angechoka. Nilimletea kiti, akakataa. Nilimwuliza mgongo, akasema, "Mgongo uko wapi?" kama aliyeulizwa habari za mtu aliyehama. Rajabu aliniambia nimshikilie mazungumzo ili uso usilale, lakini shangazi hakuhitaji mazungumzo. Alikuwa anatazama nje, juu ya mapaa, na uso wake ulikuwa umefanya jambo ambalo sikuwahi kuliona ukilifanya kwetu. Nilikosa neno la kuliita, na kwa kuwa nilikosa, niliona haya kumtazama.

Rajabu alimaliza michoro miwili. Mmoja ulikuwa wa akina Mama Taaka wakiwa wameinama, pamoja na mabeseni, nyavu, korongo na anga nililolipaka mimi kwa kijivu. Wa pili ulikuwa wa shangazi na mtungi. Mwenye hoteli alikuja, akausifu sana wa kwanza, akasema una nguvu, una ukweli, akavua kofia mbele yake. Kisha akanunua wa pili. "Watu watakuwa wanakula," alieleza. Rajabu, ambaye aliupenda ule wa kwanza kuliko chochote alichowahi kufanya, alimpa shangazi bure. Shangazi aliutazama kwa adabu. "Huu niutundike wapi, Rajabu? Nikifungua macho asubuhi nione kazi kabla sijaifanya?" Nikauchukua mimi. Leo umetundikwa ofisini kwangu, na wageni wote husimama mbele yake na kusema mambo yaleyale aliyosema mwenye hoteli. Ndani yake mna wanawake kadhaa na hakuna uso hata mmoja. Ni migongo mitupu. Hilo nalo nilichelewa kuligundua, kwa sababu niliuita mchoro wa kweli na nikaacha kuutazama.

Mwezi uliofuata shangazi alitaka kwenda kujiona. Nilijaribu kumzuia kwa kila hila: mvua, nauli, homa. Alivaa gomesi, vazi lake refu la arusi za watu, mkanda umekaza, mabega yamesimama, na tukaenda. Ila mukene hausikii sabuni, na langoni askari alisikia harufu kabla hajaona gomesi.

"Mama, samaki inapita nyuma. Hapa mbele ni ya wageni."

"Afande, leo sikuleta samaki. Nimekuja kujiona."

"Kujiona wapi?"

"Huko ndani. Niko ukutani."

Askari akanigeukia, akashusha sauti. "Dada, huyu mama ni mzima kweli?"

Nikasema ni mzima. Nilisema polepole, nikitazama viatu vyangu, na askari akachukua utaratibu ule kuwa jibu tofauti, akatuonyesha mlango wa jikoni. Shangazi hakuona ubaya. Jiko ni mahali pa heshima kwake. Mpishi, Mkenya mnene wa upande wa Bungoma, aliposikia Kiswahili chake kinatoka kwao akatupatia chai, kisha akafungua kidirisha cha kupitishia sahani. Na pale, ng'ambo ya meza za wageni waliokuwa wanakula, alikuwa yeye, mkubwa kuliko alivyokuwa, anang'aa.

Akasogeza uso kwenye kidirisha. Kisha akasema, "Nekesa, haya maji yako mbona kama yameoza?"

"Mama, kweli ni wewe?" mpishi akauliza.

"Kwani hufanani?" Akachukua sufuria lililokuwa karibu, akaliweka begani, akainua uso. Pale jikoni, katikati ya moshi wa vitunguu, akawa yeye. Mpishi akapiga kofi, wasaidizi wakapiga kofi, mmoja akapiga kigelegele cha kiume kisicho na sauti nzuri, na wageni kule mezani wakageuza shingo kutazama kupitia kidirisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona meza zikituona: mwanamke mwenye harufu ya samaki na sufuria begani, na juu ya vichwa vyao mwanamke yuleyule asiye na harufu yoyote. Niliona aibu kwa niaba yake, na yeye hakuwa anaitumia aibu hiyo kabisa, kwa hiyo ikabaki yangu. Njia nzima ya kurudi aliimba. Masese nzima iliambiwa kwamba Felista hula na Wazungu kila siku na hajawahi kuletewa bili.

Mwaka ule ulinifanya nilivyo. Kila somo nililotoa tangu hapo lilikuwa namna ya kujificha kutoka kwenye kile kidirisha. Miaka mingi baadaye hoteli iliuzwa, mchoro ukaenda na nani sijui, ikabaki ile picha ya simu ya Wafula. Mwaka juzi shangazi alinipigia simu. "Wafula anasema unawaonyesha watoto wa chuo picha yangu," alisema. "Wanasemaje?" Nikamwambia wanaipenda. "Wanauliza ni nani?" Nikamwambia wanauliza. Akafurahi sana, akaniombea Mungu anizidishie kazi, na Mungu, kwa bahati mbaya, akamsikia.

Basi uani Wanale, baada ya sala, baada ya mchungaji kusema kwa urefu kuhusu mwanamke mchapakazi, Wafula aliniita mbele. Nyuso zilinigeukia, na vifua vyote vikanigeukia na ule uso mwingine. Maelezo yangu yote nilikuwa nayo tayari, nimeyatoa kila mwaka, lakini niligundua kwamba hayawezi kusimama mbele ya jeneza. Nikatafuta mengine.

"Mnauliza shangazi alikuwa anafanya kazi gani hapa," nikasema. "Hapa hafanyi kazi. Mtungi ni chungu cha maua cha padri, hauna kitu ndani. Alikuwa amesimama tu karibu na dirisha, na hakuna aliyemwita, na hakuna kilichokuwa kinaungua. Mimi nilikuwepo. Mwaka ule wote sikumwona amesimama hivyo mahali pengine."

Nilidhani wangecheka, nimezoea kicheko mahali hapo. Hawakucheka. Nikarudi kwenye kiti changu, nikaikunjua fulana, nikaivaa juu ya blauzi yangu. Apio aliitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. "Hii si ndiyo ile ya darasani?" akauliza.

"Ni shangazi yangu," nikasema.

Apio alikuwa amewahi kukaa kiti cha nyuma katika somo lile, na alikuwa amecheka pia, na nikaona anakumbuka. Ni mtu mwungwana. Alijishughulisha na soda yake.

Wakati wa chakula, sahani za malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, zikipita, mwanamke mmoja mzee alikuja akakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Alikuwa amekuja kwa basi la kukodi na watu wa Masese. Ilinichukua muda kumtambua Mama Taaka, kwa sababu siku zile nilimzoea akiwa anacheka.

"Umesema vizuri," akasema. "Felista alikuwa anatuambia hivyohivyo. Alikuwa anasema, jamani, mimi leo nimesimama!" Akamega ugali. "Na ile nyingine iko wapi? Ile yetu, ya kuinama?"

"Ninayo, mama. Iko ofisini kwangu."

"Ofisini! Kumbe niko chuo kikuu." Akafurahi, akawageukia wenzake kuwaambia, kisha akarudi kwangu. "Mgongo wangu ni upi?"

Nimeutazama mchoro ule kila siku ya kazi tangu nipewe ofisi. Najua korongo wote. Najua beseni lenye ufa, na mahali ambapo kijivu changu kilimwagika kwenye wavu. Nikatafuta kichwani, mgongo baada ya mgongo.

"Sijui, mama," nikasema.

Nilingoja acheke. Aliiweka sahani chini, akafuta mikono kwenye nyasi, na polepole, kwa msaada wa goti langu, akageuka palepale mkekani hadi nikawa naona mabega yake tu, moja limeshuka kuliko lingine.

"Sasa tazama vizuri," alisema, "ili ukirudi unitafute."

Nikatazama.